MJADALA: Je, sembe ni chakula chetu cha asili, na je, hiyo ni sababu ya kuzuia dona na mtama katika jiko la shule?

Mwanzisha mada (Iringa)

Ndugu zangu, ninaleta mbele yenu jambo lililotuweka darasani mpaka jua likazama. Kamati ya wazazi ya shule ya msingi ya kijijini kwetu ilikuwa ikipanga michango ya chakula cha mchana. Kwetu kila mzazi hutoa mahindi na maharage; mahindi hupelekwa mashineni, hukobolewa, husagwa, na pumba huuzwa kwa wafugaji wa nguruwe. Mama mmoja alipendekeza mambo mawili: kwanza, mahindi yasikobolewe, watoto wapikiwe dona, pili, sehemu ya mchango, tuseme debe moja katika kila matatu, iwe ya mtama. Mzee mmoja ambaye sote tunamheshimu akainuka, akasema kwa upole kwamba tangu enzi na enzi mababu zetu wamekula ugali mweupe, kwamba dona ni chakula cha gerezani, na kwamba mtama ni wa kuku na wa pombe. Makofi yakapigwa, hoja ikafa pale pale.

Sikupiga makofi, lakini sikusema neno pia, na kunyamaza huko ndiko kulikonifanya niandike. Nautaja msimamo wangu mapema ili nisionekane navizia: sembe haikufika sahanini mwetu kwa utamu wake peke yake. Ilifikishwa na mwajiri, na mashine, na ndege waharibifu, na yeyote anayetaka mtama urudi hana budi kuwajibu hao watatu, badala ya kuhubiri habari za mababu. Mababu wanaweza kuitwa ushahidi na pande zote mbili, na hawatakuja kumkana yeyote.

Tuanze na hao mababu. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331 aliandika kwamba chakula kikuu cha watu wa Mombasa kilikuwa ndizi na samaki, na kule Mogadishu alikirimiwa wali wa samli uliowekewa kitoweo juu yake. Hakuona mahindi, wala asingeweza kuyaona, kwa sababu wakati ule mahindi yalikuwa hayajatoka Amerika, ambako wakulima wa Mexico walikuwa wameyazalisha kutokana na nyasi pori yapata miaka 9,000 iliyopita. Yalivuka bahari baada ya mwaka 1492. Mtama, kwa upande wake, ulifugwa katika nchi za Sudan yapata miaka 5,000 iliyopita, na ulezi ni mtoto wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Methali yetu ya kutomwaga mtama penye kuku wengi haikutungwa na walaji wa sembe.

Hata jina linatusuta. Sisi tuliyaita mahindi, yaani mambo ya Wahindi. Wachewa wakayaita chimanga, na Manga katika Kiswahili cha zamani ni Uarabuni. Waturuki wanayaita kwa jina lile lile wanaloiita nchi ya Misri, na Waitalia wakayaita nafaka ya Waturuki. Kila mmoja alinyoosha kidole kwenye mlango wa jirani, na hakuna aliyeyadai kuwa yake.

Ni kweli kwamba mahindi yalikuwapo bara muda mrefu kabla ya ukoloni, lakini mahali pengi yalikuwa zao la bustani karibu na nyumba, la kuchomwa na kuchemshwa yakiwa mabichi wakati wa kusubiri mavuno ya mtama. Kilichoyageuza kuwa unga wa kila siku kinasimuliwa na neno moja, nalo ni posho. Katika misafara, posho ilikuwa kibaba cha nafaka alichopimiwa mpagazi kwa siku. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale wa Carrier Corps walioacha jina lao Kariakoo, walipewa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya na kuiva nusu, na wengi waliotoka katika nchi za ndizi na ulezi waliugua matumbo. Baadaye ikawa zamu ya manamba wa mkonge, vibarua wa mashamba makubwa na wachimbaji wa migodi. Mwajiri aliyapenda mahindi kwa kuwa ni rahisi kununua, kusafirisha na kupima. Mpaka leo Mganda anauita ugali wa mahindi posho, ilhali hapa Tanzania posho imepanda cheo ikaingia katika vikao.

Weupe wake nao una historia. Walowezi wa Kenya walipanda mbegu nyeupe zilizopitia Afrika Kusini, kama Hickory King, kwa sababu soko la Ulaya lilipendelea punje nyeupe kwa ajili ya viwanda vya wanga. Sisi tukazirithi mpaka tukaamini kwamba rangi nyingine ni kosa. Waliokuwa na akili zao wakati wa uhaba wa chakula wa miaka ya themanini wanakumbuka mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Tuliyabatiza jina la Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi, tukayala kwa kununa, wengine wakiapa kwamba ni chakula cha mifugo. Tumbo halikuyakataa hata siku moja, ni jicho lililoyakataa.

Basi nauliza: hata tukikubaliana kwamba sembe ni yetu, je, uasili ni hoja ya kutosha kuamua kinachopikwa shuleni?

Mkulima wa Kongwa

Ndugu mwanzisha mada, umesema kweli, lakini umewataja ndege kwa neno moja ukaendelea na safari. Mimi hulima mtama na uwele, naomba nikae kidogo kwa hao ndege.

Hindi limevaa nguo. Lina maganda tabaka juu ya tabaka, na ndege mdogo hana nguvu ya kuyachana. Mtama umesimama wazi juu ya bua, punje zote zimeelekea mbinguni kama sinia iliyokwisha kuandaliwa. Kwelea kwelea wakishuka ni wingu, na wingu hilo likitua asubuhi moja katika shamba ambalo halina mtu, utakachovuna ni mashuke yaliyo mepesi kama ufagio. Kwa hiyo tangu punje zinapoanza kuwa na maziwa mpaka siku ya kuvuna, ni lazima mtu awe shambani kabla jua halijachomoza, apumzike kidogo wakati wa jua kali ndege wanapokuwa vivulini, kisha arudi mpaka magharibi.

Nilipokuwa mtoto kazi ya kuamia ndege ilikuwa yetu. Baba alitujengea dungu la miti katikati ya shamba, tukawa na kombeo, kipande cha bati na sauti zetu. Mwaka 1977 ilipokuja Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto wote wa rika letu tukatakiwa darasani, na ilikuwa haki. Baba hakukaa chini kutafakari mila. Alihesabu mikono iliyobaki nyumbani, akapanda ekari mbili za mahindi. Mvua ya Dodoma mnaijua, yakakauka. Mwaka uliofuata akapanda mahindi tena. Ndivyo tulivyo mpaka leo: mtama unastahimili ukame lakini unaliwa na ndege, mahindi yanawashinda ndege lakini yanakauka, na mkulima huchagua hasara anayoweza kulala nayo.

Kwa hiyo mnaposema watoto wale mtama shuleni, kumbukeni kwamba shule ndiyo iliyomwondoa mlinzi wa mtama. Msije mkadhani nawalaumu walimu.

Kuna mtama mwekundu ambao ndege hawaupendi kwa sababu ya ukakasi wake. Watoto nao hawaupendi, kwa sababu hiyo hiyo. Wanaoupenda ni watengenezaji wa pombe, kwa hiyo yule mzee wenu hakukosea kila kitu.

Muuguzi mstaafu (Tanga)

Wanangu, nawasalimu. Nimefanya kazi ya afya ya mama na mtoto kwa miaka mingi, nami naona mnazungumza mambo mawili kwa pamoja, la mtama na la dona, ilhali kila moja lina hukumu yake.

Punje ya hindi ina ganda la nje, ina wanga, na ina kiini. Kiini ndicho chenye mafuta, na pamoja na ganda ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya vitamini na madini. Mashine ya kukoboa huviondoa vyote viwili, na ndiyo maana nguruwe wa mwanzisha mada wananawiri. Lakini msidhani kwamba ni upumbavu uliowafanya watu wakoboe. Mafuta ya kiini huharibika, na unga wa dona ukikaa hupata uchungu, ilhali sembe hukaa ghalani na dukani kwa muda mrefu. Shirika la umma la usagishaji lilipokuwa likilisha miji yetu kwa sembe ya bei ya ruzuku, mpaka ruzuku ile ilipoondolewa mwaka 1984, lisingeweza kufanya hivyo kwa unga unaochacha. Dona ni unga wa mtu aliye karibu na mashine.

Sasa niwaonye wapenzi wa dona. La kwanza ni sumukuvu. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu, na sumu hiyo hujaa zaidi katika ganda na kiini, yaani pale pale mnapotaka watoto wale. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika mashariki ya Kenya kwa mahindi ya namna hiyo, na mwaka 2016 vifo vikatokea kwetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sumu ile. Kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe ya mahindi mabovu, na shule inayokusanya debe moja moja kutoka ghala la kila mzazi haijui imekusanya nini.

La pili ni ugonjwa wa pelagra. Wamexico walioyazalisha mahindi waliyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hufungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalipovuka bahari yalikuja peke yake. Ujuzi wa chokaa ulibaki nyuma. Maskini wa kaskazini mwa Italia na wa kusini mwa Marekani waliokula mahindi na karibu mahindi matupu wakachubuka ngozi, wakaharisha, wakachanganyikiwa akili. Madaktari wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, mpaka daktari Joseph Goldberger alipowalisha wafungwa wa kujitolea kule Mississippi mwaka 1915 chakula kile cha maskini, na baadhi yao wakaugua bila kuambukizwa na mtu. Wala si hadithi ya kale: mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra kwa maelfu baada ya karanga kukosekana katika mgao wao wa mahindi. Sikilizeni neno hilo, karanga. Kutokoboa peke yake hakuifungui niasini ile. Kinachomwokoa mtoto ni kile kinachoambatana na ugali: maharage, karanga, dagaa, maziwa.

Ningekuwa katika kamati yenu ningeuliza kwanza kuhusu bakuli la maharage, kama ni maharage au ni maji yaliyopitiwa na maharage.

Mwalimu (Vihiga, Kenya)

Naishukuru mada, ila sikubaliani na mwelekeo wake. Mwanzisha mada anatusimulia kana kwamba mahindi tulilazimishwa, nasi tuliobaki tukawa mateka wa posho. Historia ya huku kwetu haiko hivyo kikamilifu. Ni kweli kwamba kibarua wa mlowezi alipimiwa unga wake, kwa kawaida ratili mbili kwa siku, na kwamba kinu cha mashine tunakiita posho mill mpaka leo. Lakini mwaka 1964, baada ya uhuru, mbegu chotara ya H611 ilipotoka katika kituo cha Kitale, wakulima wadogo waliikimbilia wenyewe, bila kiboko cha mtu. Waliona gunia lilivyojaa. Mama zetu nao waliona kwamba mahindi hupelekwa mashineni na mtoto juu ya baiskeli, ilhali wimbi, yaani ulezi, lilimtaka mama apige magoti mbele ya jiwe. Ukimwambia mama huyo kwamba amepoteza asili yake, atakuuliza ni nani atakayesaga.

Tena, uasili tukiupima kwa mahali mmea ulipozaliwa, hatutabaki na chakula. Muhogo umetoka Amerika ya Kusini, na karanga pia. Nyanya na pilipili zimetoka huko huko. Hata hayo maharage mnayoyachangisha, ambayo katika mkutano wenu hakuna aliyeyashuku, ni ndugu wa mahindi kutoka bara lile lile. Ninyi mnaotafuta mwenzi wa asili wa mtama mngepaswa kudai kunde.

Mimi nasema asili ni kile alichokupikia bibi yako. Obusuma, yaani ugali, wa mahindi umepikiwa vizazi vitatu au vinne huku kwetu. Harusi na matanga yamepitia humo. Mwaka 2017 ukame ulipopandisha bei, serikali yetu iliagiza mahindi meupe kutoka Mexico, meli ikatia nanga Mombasa, na unga ukauzwa kwa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili. Niliona watu wakipanga foleni dukani. Hakuna aliyeuliza kama mahindi yale yalikuwa yakija kututembelea kutoka kwao. Walitaka kujua kama pakiti zitatosha.

Mchangiaji (Lubumbashi)

Huku Katanga ugali tunauita bukari, na wa mahindi ndio bukari hasa. Kampuni ya madini ya Union Minière ililisha wachimbaji wake kwa unga wa mahindi, mwingi wake ukinunuliwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Nikisafiri Kivu napewa bugali wa muhogo na naambiwa ndio wa asili. Ninaula kwa heshima, kisha nikifika nyumbani naomba bukari.

Mchangiaji (Pemba)

Ndugu zetu wa bara mnagombea sembe. Ibn Battuta wenu mwenyewe alikirimiwa wali huku pwani, nasi ni wa wali, ingawa mpunga nao ni mgeni kutoka Asia. Mtama tulikuwa nao katika mkate wa mofa, na wapo wanaouoka mpaka leo. Kila anayeuonja huusifu, kisha hununua mkate wa boflo kwa sababu mofa hutaka moto wa mapema na mtu wa kuusimamia. Naona hoja ni ile ile ya mkulima wa Kongwa, ila huku hakuna ndege.

Mwanzisha mada (Iringa)

Nimewasoma wote, na niseme mahali ambapo nimesogea na mahali ambapo sijasogea.

Mwalimu wa Vihiga amenisahihisha kwa haki. Nilimtaja mwajiri nikamsahau mama aliyepiga magoti. Hata hivyo, tukisema asili ni chakula cha bibi, tujue kwamba bibi ya bibi huyo alipika kitu kingine, na kwamba mjukuu wa mtoto wetu ataita asili kile tutakachokipika sisi. Ndiyo sababu sikubali kwamba neno hilo lifunge mkutano. Ruzuku, mbegu za Kitale, bei na meli ni maamuzi yaliyofanywa na watu, na sufuria ya shule nayo ni uamuzi, hata kama ni mdogo.

Kuhusu mtama nimerudi nyuma. Wilaya yetu ina mvua ya mahindi, mtama tungeununua kutoka kwa watu kama mkulima wa Kongwa, na sioni kamati yetu ikiwa na fedha hizo. Ninachokiona kinawezekana ni uji wa ulezi wa asubuhi kwa madarasa ya chini, kwa kuwa ulezi bado upo kwa jirani zetu na hauhitaji mengi. Kuhusu dona, onyo la muuguzi limenitisha zaidi kuliko hoja ya gerezani. Nimependekeza kwa mwenyekiti kwamba mahindi yakaguliwe na kuchambuliwa siku ya kupokelewa, yenye ukungu yarudishwe, na yasagwe kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya yote kwa pamoja. Swali lililoulizwa mara moja ni nani atakayeyapeleka mashineni kila baada ya wiki mbili, na hakuna mkono ulioinuka.

Jambo la mwisho. Juzi nilikwenda kumsalimu yule mzee, maana sikutaka asikie habari za mjadala huu kwa watu. Nilimwamkia, akanikaribisha kigoda mlangoni, nami nikamwambia niliyoyaandika. Alicheka. Akanionyesha kwa fimbo jiwe la kusagia la mama yake, liko pembeni mwa ukuta, katikati limechimbika kama bakuli kwa miaka ya kusaga, na siku hiyo lilikuwa na maji ya kuku. Aliniambia kwamba yeye na dada zake waliamia ndege tangu wakiwa wadogo kuliko wajukuu zake wa leo, na kwamba dada yake mkubwa hakusoma kwa sababu ya shamba lile. "Sikusema mababu kwa kuwa sijui," akaniambia. "Nilisema mababu kwa sababu niliposikia mtama, nilimwona mjukuu wangu juu ya dungu."

Nilimuuliza kuhusu dona. Akasema dona haina ndege, basi tuilete tena kwenye mkutano, lakini ukaguzi wa mahindi uanzie kwenye debe lake yeye, watu wasije wakasema wanaonewa.